Injini ya Shemeji

Bartolomayo aliandika uongo kabla hajalegeza hata nati moja. Kwenye karatasi ya kazi, mahali panapoulizwa sababu ya kutoa injini ya ndege, aliandika kwa mwandiko wake wa kubana: "Oili inavuja nyuma." Hakuna oili iliyokuwa ikivuja. Kilichokuwapo ni Denis, mdogo wa mke wake Emiliana, rubani wa ndege hiyo, aliyefika nyumbani kwao Chang'ombe Jumatatu jioni, akala ugali na mlenda hadi akalamba vidole, akamsifia dada yake mapishi, kisha akamvuta shemeji yake nje, kando ya simtanki.

"Shemeji, propela imegusa majani kule Kibakwe," alisema. "Majani tu. Lakini roho yangu haijatulia. Itoe injini, itazame mwenyewe, ukiona iko sawa irudishe. Mzee mwenye kampuni asijue. Akijua nimegusa kitu ananifukuza siku hiyohiyo."

Kwa mafundi wa ndege jambo hilo halina mjadala. Propela ikigonga kitu, injini inatolewa, inafunguliwa, inachunguzwa, na tukio lenyewe linaandikwa kwenye kitabu cha ndege ili kila atakayekuja baadaye alione. Angekuwa rubani mwingine, Bartolomayo angemwambia akaandike kwanza ndipo waongee. Lakini huyu alikuwa shemeji, tena shemeji mwenyewe ndiye mtoto ambaye mama yao, Mama Ruthu wa Chamwino, aliuza ng'ombe thelathini na mmoja ili asomee urubani, akabaki na ndama wawili na majivuno. Kwenye ukoo ule Denis alikuwa "kapteni." Bartolomayo, aliyeanzia kwenye matrekta ya mashamba ya zabibu, aliitwa "yule wa matrekta" hadi leo, miaka kumi na minne baada ya kuoa, na leseni yake ya ufundi wa ndege ikiwa imetundikwa ukutani. Sasa kapteni alikuwa amesimama kando ya simtanki akimbembeleza yeye. Hapo ndipo alipolegea, na tuseme ukweli, alilegea kwa sababu kuombwa kulimnogea.

Jumanne, yeye na fundi mwenzake Hamidu waliitoa injini. Walichomoa betri, wakamwaga oili, wakavua mabati ya puani, wakafungua propela na kuilaza juu ya benchi. Kila bomba na kila waya waliuvisha utepe wenye namba, maana kutoa injini si kazi, kazi ni kukumbuka kila kitu kilikuwa wapi. Waliweka stendi chini ya mkia, kwa kuwa ndege ikinyang'anywa injini pua yake hupanda juu na yenyewe ikakaa kitako. Hamidu akavuta mnyororo wa winchi pole pole, Bartolomayo akatoa bolti nne za mwisho, na ile injini ikatoka puani, ikaning'inia katikati ya banda.

"Oili yenyewe inavujia wapi?" Hamidu aliuliza, akipangusa mgongo wa injini kwa kitambaa. Kitambaa kilibaki kama kilivyokuwa.

"Nyuma huko. Utaiona tukifungua."

Hamidu alikikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni, hakuuliza tena. Bartolomayo akamchukia kwa ule ukimya wake.

Ni pale Hamidu alipokwenda kunywa chai ndipo Bartolomayo alipoigeukia propela. Rangi nyeusi kwenye ncha ya bapa moja la propela ilikuwa mpya mno. Akaikwangua kwa kucha. Chini yake bati lilikuwa na mistari mingi myembamba iliyokwenda upande mmoja, na alipopima kwa rula, bapa lile lilikuwa limepungua kwa upana wa kidole ukilinganisha na mwenzake. Majani ya uwanjani hayapigi tupa. Alisimama pale muda mrefu, rula mkononi, akijiona mjinga wa hali ya juu.

&nbsp;

Denis alifika Jumatano asubuhi, shati jeupe limepigwa pasi, mabega yana mistari ya dhahabu. Bartolomayo alimwonyesha ile ncha bila kumsalimia.

"Nani amepiga tupa hapa?"

"Mbukwenyi, shemeji. Tusalimiane kwanza."

"Nimekuuliza."

Denis aliangalia huku na huku. "Kulikuwa na kichuguu. Nilikuwa nageuza mwisho wa uwanja, nikakigusa. Kidogo tu."

"Injini ilizima?"

"Shemeji..."

"Ilizima, haikuzima?"

"Ilizima. Nikaiwasha, ikawaka. Nikaja nayo hadi Dodoma, imenifikisha salama. Sasa?"

"Na abiria?"

"Wawili. Niliwaambia wakanywe soda."

"Na tupa?"

"Nilimwita jamaa mmoja wa sokoni, anachomelea madirisha."

Bartolomayo alicheka, kicheko cha kukera. "Mchomelea madirisha. Ng'ombe thelathini na mmoja, ukafundishwa kuita mchomelea madirisha."

Denis alisogea karibu. Uso wake ulikuwa umebadilika, ule wa kuomba umeondoka. "Usinisimange. Wewe ndiye uliyeandika oili inavuja. Nimeiona karatasi. Mwandiko ni wako, si wangu. Ukinichoma mimi, unajichoma na wewe. Kwa hiyo fanya ulichoombwa, funga injini, tuendelee na maisha."

Alipoondoka, Bartolomayo alifungua mfuniko wa nyuma wa injini. Humo nyuma, kwenye mkia wa krenki, ule mhimili unaozungusha propela, kuna gia ndogo isiyozidi kiganja, imeshikwa na bolti moja na kijipini kisichofika nusu ya kidole kidogo. Gia hiyo ndiyo inayozungusha kila kitu kinachoifanya injini ipumue na kutoa cheche. Ikikatika, injini haikohoi wala haitoi onyo. Inanyamaza tu, na rubani anabaki na sauti ya upepo. Aliitoa, akaisafisha kwa petroli, akaipaka ile dawa nyekundu ya kusakia nyufa, akangoja, akaifuta, akapulizia unga mweupe. Kwa dakika chache ilikuwa nyeupe pe. Kisha mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ukajitokeza kuanzia tundu la kijipini hadi karibu na jino la gia.

Aliurudia uchunguzi mara tatu. Mara zote ule mstari ulirudi palepale.

&nbsp;

Mwenye kampuni, Abdulswamadu, alikuwa na ndege mbili na hasira za mtu mwenye ndege ishirini. Ijumaa, baada ya swala, aliingia bandani akaikuta injini bado imelala kwenye kitanda chake cha chuma, imefunguliwa mgongo.

"Fundi, oili kuvuja ndiyo siku nne?"

"Kuna kitu nakichunguza, mzee."

"Kitu gani?"

Hapa ndipo angesema. Hamidu alikuwa pale, Denis alikuwa pale akichezea simu, na neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini kusema ufa ni kusema kichuguu, na kusema kichuguu ni kusema karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na mkono wake. Akasema, "Vitu vya ndani, mzee. Nikimaliza nitakueleza."

"Vitu vya ndani!" Abdulswamadu aliwageukia wengine ili nao wacheke. "Jumatatu saa mbili asubuhi wauguzi wanne wanapanda hiyo ndege kwenda kuchanja watoto. Mkataba nimeutafuta mwaka mzima. Nilikutoa kwenye matrekta nikakupeleka shule, leo unanichunguzia vitu vya ndani? Kama huna cha kufanya, chukua ndoo uoshe gari langu, angalau nitaona mkono wako umefanya kitu."

Alikuwa anatania, au pengine hakuwa anatania. Denis alicheka. Bartolomayo alichukua ndoo. Aliliosha gari lile matairi hadi paa, mbele ya walinzi na wabeba mizigo. Jumamosi aliirudisha injini kama ilivyokuwa, gia na ufa wake ndani, akaipandisha kwa winchi, akaifunga kwa bolti nne. Alijiambia anaifunga tu, hajatia sahihi. Bila sahihi ya fundi kitabuni, ndege haitoki bandani, na kitabu alikuwa nacho kwenye mkoba. Mtu aliyebanwa hujidanganya kwa vitu vidogo vya namna hiyo.

&nbsp;

Kwa Wagogo wa kina Emiliana, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakiwa na neno linapitia kwa binti. Miaka kumi na minne Bartolomayo alikuwa amemjua Mama Ruthu kwa sauti, kwa kikohozi na kwa mgongo. Kwa hiyo Jumapili, aliporudi kutoka kanisani na kukuta viatu vya raba vya mama mkwe mlangoni, alijua ameletewa mzinga wa vita.

Mama Ruthu alikuwa jikoni. Denis alikuwa sebuleni, amekalia kiti cha mwenye nyumba. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na pazia la maua, na Emiliana alisimama palepale kwenye pazia, mkono mmoja huku, mwingine kule.

"Mwambie mume wako," sauti ilitoka jikoni, "nimesikia amemkalia mwanangu kooni."

Emiliana aligeuka. "Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama injini ina ufa."

"Mwambie hata nyumba yangu ina ufa tangu mvua za mwaka juzi, na nalala humo."

"Mwambie nyumba yake hairuki."

"Simwambii hivyo mama yangu," Emiliana alisema. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na alikuwa na sauti ya kukata maneno, yakakatika kweli. "Na wewe, Baba Jenifa, hebu jibu vizuri. Huyu ni mdogo wangu. Akiandikwa ananyang'anywa leseni. Na wewe unanyang'anywa yako. Tutakula nini, huo ukweli wako?"

"Mwambie," sauti iliendelea, "ana kijicho. Tangu siku aliyokuja kuposa ananuka dizeli nilimwona. Hakuweza kuvumilia wa kwetu apande juu yeye abaki chini na spana."

Maneno yalimwingia Bartolomayo, kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Kuna siku, akimwona Denis akishuka kwenye ndege na miwani yake, aliwahi kutamani ateleze kwenye ngazi mbele ya watu. Ateleze tu, si zaidi. Na sasa mtu mzima alikuwa amelisema hilo kwa sauti ndani ya nyumba yake, na mke wake alikuwa amelisikia.

"Shemeji," Denis alisema kwa upole wa kuudhi, "mimi ndiye nitakayeirusha. Nikifa, nimekufa mimi. Wewe tia sahihi tu."

"Na wauguzi?"

"Imeshanileta kutoka Kibakwe. Wiki mbili tu, kisha nitasema inatetemeka, tutabadilisha kila kitu. Nani atajua?"

"Mwambie kalamu haina uzito," sauti ilisema. "Mwambie atie."

Bartolomayo aliinuka. Emiliana alidhani anaelekea nje, akampisha. Badala yake alilishika lile pazia akalivuta pembeni, akaingia jikoni, akasimama mbele ya mama mkwe wake, akamtazama usoni. Kilikuwa kiuso kidogo, kimechoka, jicho moja lina mtoto wa jicho. Hakikufanana na ile sauti hata kidogo.

"Baba Jenifa!" Emiliana alipiga ukelele.

"Shikamoo, mama," alisema Bartolomayo. Hakuitikiwa. Mama Ruthu alikuwa amefunika mdomo kwa upande wa khanga, ametoa macho. "Nitatia sahihi. Kitabu kiko hapa mkobani, nitatia sasa hivi. Lakini nina ombi moja. Wauguzi ni wanne na viti vya abiria ni vitano. Kesho saa mbili kile kimoja ukae wewe. Hujawahi kupanda ndege ya mwanao, na ng'ombe walikuwa wako. Uende naye, urudi naye."

Mama Ruthu alimwangalia Denis, aliyekuwa ameinuka kwenye kiti.

"Nipande?" alimwuliza mwanawe.

"Mama, wewe na presha yako..."

"Presha sikuanza leo. Nakuuliza wewe, kapteni. Nipande?"

Denis aliangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia. Aliangalia mlango. Emiliana alimwangalia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza wiki ile alimwangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyeulizwa swali jepesi.

"Usipande, mama," Denis alisema.

Chungu cha maharage kilikuwa kikitokota na hakuna aliyekipunguzia moto.

"Ahaa," alisema Mama Ruthu. "Mimi nisipande. Watoto wa wenzangu wapande."

"Mama, si hivyo..."

"Ng'ombe wangu," alisema, basi, hakuongeza neno jingine kwa mwanawe. Alijikongoja akasimama, akakataa mkono wa Emiliana. Kisha akamgeukia Bartolomayo na kusema naye moja kwa moja, kwa kuwa sasa hapakuwa na kitu kilichobaki cha kulinda. "Na wewe. Umenitazama usoni, mimi niliyemzaa mke wako, ukanivua nguo mbele ya wanangu. Kaandike huo ukweli, kaandike wote. Lakini siku nikifa mkono wako usiguse jeneza langu. Nimesema mbele ya mashahidi."

Alivaa raba zake, akatoka. Emiliana alichukua mkoba wake wa nguo akamfuata hadi Chamwino.

&nbsp;

Jumatatu Bartolomayo alimweleza Abdulswamadu kila kitu, kichuguu, tupa na karatasi, mbele ya wauguzi wanne waliokuwa wameshakaa juu ya masanduku yao ya chanjo. Abdulswamadu alimtukana mpaka sauti ikakauka. Wauguzi waliondoka kwa gari wakilalamika kucheleweshwa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumshukuru mtu.

Mkaguzi wa mamlaka ya anga alikuja Jumatano, mama mmoja mkavu aitwaye Mwantum, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliamuru injini itolewe tena, akaitazama gia na mstari wake mwekundu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akaiweka ile karatasi mezani.

"Nani alikwambia uandike oili inavuja?"

"Mwandiko ni wangu."

"Sikuuliza mwandiko. Naona."

"Rubani aliniomba. Niliandika mimi."

"Ungeandika ukweli Jumanne ile, leo ningekuwa nakupongeza kwa kazi safi," Mwantum alisema, akifungua kalamu. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Badala yake nachukua leseni yako na ya rubani. Nyote wawili. Mtaitwa."

Abdulswamadu hakumfukuza. Alimbakiza kama kibarua, kwa ujira wa kibarua, na hiyo aliona ni adhabu nzuri zaidi. Denis alihamia kwa rafiki yake Morogoro, na ujumbe wa mwisho aliomtumia shemeji yake ulikuwa tusi ambalo halifai kuandikwa hapa.

Wiki ya nane injini ilirudi kutoka kwenye matengenezo ikiwa na krenki mpya, pamoja na fundi wa kuazima aliyeitwa Joel, aliyempita Bartolomayo kwa kila kitu isipokuwa umri. "Mzee, teremsha pole pole," Joel alimwambia, na Bartolomayo, mikono kwenye mnyororo wa winchi, aliteremsha pole pole. Injini ikaingia puani. Joel alifunga bolti, akaunganisha mabomba na nyaya akifuata namba kwenye tepe, akaisikiliza ikiwaka kwa dakika arobaini, akatia sahihi yake kwenye kitabu. Hamidu alimpa mkono Joel. Asubuhi iliyofuata wauguzi walipanda, ndege ikapotelea upande wa Mpwapwa, na mchana ikarudi.

Siku hiyo Bartolomayo alifika nyumbani jua halijazama. Emiliana alikuwa uani akisahihisha madaftari ya watoto. Alikuwa amerudi kutoka Chamwino siku ya nne, kwa ajili ya shule ya Jenifa, kama alivyosema mwenyewe, na tangu hapo walikuwa wakizungumza habari za mkaa na ada tu.

"Imeruka," Bartolomayo alisema. "Imeenda na kurudi."

Emiliana aliweka alama ya vema kwenye daftari moja, akachukua jingine. Alimaliza hilo nalo kabla hajainua uso.

"Nimelifikiria sana jambo hili," alisema. "Kila mtu pale shuleni ananiambia nina mume mkweli. Naitikia. Lakini wewe nataka ujue, Baba Jenifa. Ingekuwa kalamu iko mkononi mwangu, ningetia."

"Hata baada ya Denis kumkataza mama?"

"Hata baada ya hapo. Ningemweka mama nyumbani, nikatia. Ni mdogo wangu." Hakuwa analia, na hakuwa anaomba radhi. "Mtu uliyeoa ndiye huyo. Usije ukasema hukuambiwa."

Bartolomayo alijipangusa grisi mikononi. Emiliana alirudi kwenye madaftari, akamwambia maji ya kuoga yako bafuni na yanapoa.